Mwongozo wa presha na moyo kwa rubani wa jeshi aliye Lamu au Malindi, na kwa anayempikia

Mwongozo huu ni wa rubani wa jeshi ambaye kwao ni Lamu au Malindi, au aliyepangiwa kazi huku, na ni wa yule anayempikia. Nimewaweka pamoja makusudi. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ya kila siku ni kuwafunga watu mkanda wa presha mkononi na kusoma mashine. Kati yao wapo vijana wetu wa angani wanaokuja kimyakimya, uchunguzi wao wa afya wa mwaka ukiwa umebakisha wiki moja, wakiuliza kama kuna kidonge cha kuishusha presha upesi ili wapite. Hakuna. Kuna kazi ya miezi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko nyumbani, mbali na ndege.

Hata rubani wa helikopta, wa ndege ya mizigo, na mstaafu anayepeleka watalii uwanja wa Manda kwa ndege ndogo watapata lao humu.

Kwanza, jua moyo wako unafanya kazi gani ukiwa juu

Ukikaa kitini, kichwa kiko juu ya moyo kwa kama sentimita 30. Kuipandisha damu mpaka hapo kunagharimu presha ya takriban milimita 22 za zebaki. Hiyo ni kwa uzito wa kawaida tuliouzoea hapa chini, 1 G. Ndege ya kivita ikikata kona kali, kila kitu mwilini huongezeka uzito, damu ikiwemo. Kwa 5 G gharama ile inazidishwa mara tano, inakuwa 110. Mtu ambaye presha yake ya juu ni 120 amebakiwa na 10 kichwani.

Macho hutangulia kuzima, kwa sababu ndani ya jicho mna mgandamizo wake ambao damu lazima iushinde ndipo iingie. Rangi hufifia, pembeni huingia giza, kisha giza linatanda kote. Ubongo wenyewe una akiba ya oksijeni ya sekunde nne hadi sita. Mwili hujitetea, mishipa ikajibana na moyo ukaongeza mapigo, lakini utetezi huo huchukua sekunde kadhaa kushika kasi. Ndiyo maana rubani huvaa suruali inayojaa hewa na kumbana miguu na tumbo, na hufundishwa kukaza misuli ya mapaja na tumbo huku akipumua kwa mikupuo mifupi, kila baada ya sekunde tatu hivi.

Hapo kuna anayeuliza: kwani basi mwenye presha ya juu hana faida? Swali la akili, na jibu lake ni kwamba kwa sekunde zile huenda akapata kaunafuu kadogo, lakini anakalipia kwa miaka. Presha ya kudumu huufanya ukuta wa moyo kuwa mnene, hukakamaza mishipa, na hufungua njia ya mafuta kujikusanya kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Moyo wa namna hiyo ukibanwa na G hupiga kwa nguvu zake zote huku chakula chake kikipita kwenye njia nyembamba. Hapo ndipo mapigo huvurugika.

Na usijifariji kwamba wewe ni kijana. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kupasua miili ya wanajeshi 300 waliouawa vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Zaidi ya asilimia 77 walikuwa na dalili za mafuta kwenye mishipa ya moyo, vijana waliokuwa wakikimbia na mizigo mgongoni jana yake. Uchunguzi kama huo uliochapishwa mwaka 2012, kwa wanajeshi wa Marekani waliokufa kati ya 2001 na 2011, ulikuta asilimia 8.5. Hesabu hizo mbili hazikupimwa kwa njia ileile, lakini tofauti ni kubwa mno, na kupungua kwa sigara, presha na kolesteroli kumetajwa miongoni mwa sababu. Yaani jambo hili linaanza mapema, na linazuilika.

Pili, pima presha nyumbani, na uipime sawasawa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye makosa mengi.

Nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono waachie wengine. Angalia mkanda unakutosha: mkanda mdogo kwenye mkono mnene wa mtu anayebeba vyuma hutoa namba ya juu isiyo ya kweli, na marubani wengi wana mikono minene.

Kisha fanya hivi. Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini bila kuipandanisha, mkono juu ya meza ili mkanda uwe usawa wa moyo. Tulia dakika tano. Dakika tano za kweli, simu iko mbali. Usiongee. Pima, ngoja dakika moja, pima tena. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba, andika kila namba na saa yake, acha namba za siku ya kwanza, za siku zilizobaki utafute wastani.

Nilipita duka moja la dawa nikaona mteja anapimwa amesimama, mfuko wa samaki mkononi, na mhudumu anamuuliza habari za harusi ya jana. Mashine ikasema 158. Mteja akauziwa vidonge vya mwezi mzima. Nilimkalisha barazani nje, tukanyamaza, nikampima tena: 134. Sisemi hakuwa na tatizo. Nasema namba ile ya kwanza haikuwa yake.

Kwa wastani wa nyumbani, 135 kwa 85 na zaidi ni presha ya kupanda. Kliniki mpaka ni 140 kwa 90. Kuna wanaopanda mbele ya koti jeupe tu, na kwa rubani ambaye ajira yake iko mikononi mwa anayempima jambo hilo si la ajabu. Daftari lako la siku saba ndilo shahidi wako. Kuna pia kinyume chake, na hicho ndicho kinanitisha zaidi: anayetulia mbele ya daktari na kupanda kazini. Huyo bila kupima mwenyewe hajulikani.

Presha haiumi. Anayesema "ningekuwa nayo ningeisikia" hajaielewa.

Tatu, vipimo vingine ambavyo havichukui muda

Sukari ya kufunga: ikifika 7.0 kwa vipimo vya milimoli vinavyotumika kwetu, na ikarudiwa siku nyingine ikabaki hapo, hiyo ni kisukari. Kolesteroli: jumla iwe chini ya 5.0. Kiuno, kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya kitovu baada ya kutoa pumzi: mwanamume akipita sentimita 94, mwanamke 80, tuanze kuongea. Kiuno kina habari ambazo mizani haina, hasa kwa mtu mwenye misuli.

Uliza nyumbani. Baba au kaka aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, hiyo ni taarifa ya kumpa daktari. Kwetu watu husema "alianguka tu, ajali yake ilifika," na mazungumzo yanaishia hapo. Mkalishe shangazi umuulize kwa adabu: alikuwa anashika kifua? Alikuwa na sukari? Alikuwa anaamka usiku akikosa pumzi? Mashangazi wanajua kila kitu, hawajaulizwa tu. Na rubani wa kike aliyepandwa na presha akiwa mjamzito aiseme hata kama ilishuka baada ya kujifungua, kwa sababu ni alama ya kufuatiliwa maisha yote.

Kwa wanaolea watoto wanaoota kuruka: mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe hospitali, na akipewa antibiotiki amalize dozi. Kuna homa inayoanzia kwenye koo, ikashuka viungoni, ikamalizikia kwenye vali za moyo. Bado iko huku kwetu, na vali iliyoharibika utotoni ni miongoni mwa mambo yanayomkatia kijana ndoto yake mlangoni.

Kipimo cha umeme wa moyo, ile ECG ya kubandikwa nyaya kifuani, kina mahali pake. Viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga wa kiraia vinakitaka kwenye cheti cha kwanza cha afya cha daraja la kwanza, vinapendekeza kirudiwe angalau kila miaka miwili kati ya umri wa miaka 30 na 50, na vinakilazimisha kila mwaka baada ya 50. Jeshi lina taratibu zake, lakini ukistaafu na kuhamia ndege za abiria utakutana na hizi. Tahadhari ni moja: ECG safi ya mtu aliyelala kitandani haimaanishi mishipa ni safi. Tarehe 18 Juni 1972 ndege ya Trident ilianguka Staines, nje ya London, muda mfupi baada ya kuruka, wakafa watu wote 118. Nahodha wake, mwenye miaka 51, aliyewahi kuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza, alikutwa na ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo ambao uchunguzi wake wa kawaida ulikuwa haujauona. Muda mfupi kabla ya safari alikuwa amegombana vikali na mwenzake kwenye chumba cha kusubiria marubani, kabla hawajapanda ndege. Kwa hiyo kifua kikikubana unapopanda ngazi, usijitetee kwa ECG ya mwezi uliopita. Omba kipimo cha kukimbia kwenye mashine, na picha ya moyo.

Nne, jikoni

Anayepika asome hapa, na rubani akae kimya.

Sitamwambia mtu wa Amu, yaani Lamu, aache nazi. Hatanisikia, wala sihitaji aiache. Lakini mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 yake ni yale mafuta yanayopandisha kolesteroli mbaya, na wingi huo umo kwenye kasimele, lile tui la mwanzo. Basi ukishakuna, kamua kasimele uiweke pembeni. Tia maji, kamua tui la pili, na la tatu. Samaki na mbaazi zipikie hilo jepesi mpaka ziive, na kasimele iingie mwisho, upawa mmoja wa kutoa harufu na rangi, kisha epua kabla halijakatika. Chakula kitabaki cha nazi. Watoto hawatajua. Wali wa nazi uwe wa Ijumaa na wa mgeni. Siku nyingine pika wali mweupe au nunua mkate wa mofa.

Chumvi ndiyo vita kubwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kisichojaa. Hesabu hiyo inachukua kila kitu: mkate wa dukani, ng'onda (samaki wa kukausha kwa chumvi), achari, viungo vya pakiti, kaukau za muhogo zinazouzwa Malindi barabarani. Njia ninayowafundisha ni hii: asubuhi weka kwenye kikombe nusu kijiko cha chai kwa kila mtu mzima wa nyumba, na kila sufuria ya siku hiyo itoe chumvi humo. Ikiisha, imeisha. Nusu nyingine wameshaila bila kuiona. Wiki mbili za mwanzo watalalamika, kisha ulimi unazoea, na wakienda kula kwa watu watasema chakula kimekolea mno. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili ziingie pale chumvi ilipotoka. Ng'onda iloweke usiku kucha, mwaga maji, osha tena. Na mwenye achari mezani, chupa irudi kabatini. Ikikaa mezani italiwa.

Samaki tunao, na katika hilo tumebarikiwa kuliko wenzetu wa bara. Jodari, nguru, changu, wa kuchoma au wa mchuzi mwepesi, mara tatu nne kwa wiki. Wa kukaanga kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi karai tangu juzi, hapana. Mboga ya majani iwe kila siku, mchicha, mnavu, mchunga, kisamvu. Mahamri mawili na mbaazi ni kifungua kinywa. Mahamri sita na chai ya sukari nyingi ni jambo jingine. Halwa ni ya kuonja na kahawa chungu, kijipande.

Harusi na Maulidi sina ugomvi nazo. Siku ya Maulidi mtu ale biriani yake kwa raha. Ninayemlalamikia ni yule anayefanya kila siku ya likizo yake kuwa harusi, kwa sababu kila nyumba imemwalika na kukataa ni aibu. Kwake dawa ni maneno: "Shangazi, nimekuja kukusalimu, chakula nitakula kidogo, daktari wa kazini amenikaza." Likitajwa jina la daktari hakuna anayeudhika.

Tano, maji, joto na mwezi wa Ramadhani

Damu ni maji kwa sehemu kubwa. Mtu aliyekaukiwa ana damu pungufu ya kusukuma, na uwezo wake wa kuhimili G hushuka siku hiyohiyo, hata akiwa na moyo wa simba. Februari na Machi, upepo wa kaskazi unapolegea, ndani ya helikopta iliyoegeshwa juani Manda mnachemka. Anza kunywa tangu jana yake. Angalia mkojo: ukiwa mweupe au wa njano hafifu uko sawa, ukiwa rangi ya chai ya rangi usiruke kabla hujanywa na kungoja. Marubani wengi hujinyima maji ili wasibanwe na haja angani. Naelewa, na bado ni hatari.

Dafu ni zuri, lina potasiamu inayosaidia kushusha presha. Asinywe ovyo mwenye figo mbovu, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini. Huyo amuulize daktari wake kwanza.

Ramadhani inataka mazungumzo na kamanda na daktari wa marubani kabla mwezi haujaandama, si siku ya kwanza saa nane mchana. Kufunga na kukaa ofisini ni jambo moja, kufunga na kwenda kuvuta 6 G ni jingine. Dini yenyewe imempa msafiri na mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Yenye kuhusu kazi yako muulize mwanachuoni unayemwamini. Anayefunga ahakikishe daku ina maji ya kutosha na chumvi isizidi, na futari ianze kwa tende na maji kabla ya kaimati na sambusa. Presha za baada ya Idi kliniki tunazifahamu.

Sita, mazoezi ya mahali ulipo

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemehe lakini bado unaweza kuongea, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Lamu huhitaji gari wala jimu. Kutoka forodhani mpaka Shela ni kama kilomita tatu kwa njia ya ufukweni. Toka baada ya alfajiri, nenda na kurudi kwa mwendo wa haraka, umetimiza siku. Tazama maji: yakijaa wakati wa bamvua njia hulowa, yakipwa unaweza kuendelea mbele ya Shela kwenye mchanga, ambao miguu huulipia zaidi. Malindi kuna ufuko wa Silversands.

Kwa rubani wa ndege za kasi, mbio peke yake hazitoshi. Ile mbinu ya kukaza mwili inategemea nguvu ya mapaja, makalio na tumbo, kwa hiyo vyuma, kuchuchumaa na mzigo, na mazoezi ya shingo yaingie. Mwenye presha ambayo bado haijadhibitiwa asinyanyue chuma kizito huku amezuia pumzi. Presha hupaa vibaya sana kwa sekunde hizo.

Ukiwa na homa, usikimbie. Hata mafua makali. Virusi huweza kuingia kwenye msuli wa moyo, na anayejikaza na homa hujitafutia mapigo yaliyovurugika. Ngoja ipone.

Anayekaa saa nyingi kwenye ndege ya mizigo au chumba cha kuongozea ndege zisizo na rubani akumbuke miguu: safari ya zaidi ya saa nne bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Inuka, chezesha vifundo, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, hospitali siku hiyo.

Saba, sigara, shisha na miraa

Kwa ufupi. Moshi una hewa ya kaboni monoksidi inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, kwa hiyo mvutaji akiwa angani mwili wake ni kama uko juu zaidi ya vile kipimo cha ndege kinavyosema. Akiacha, katika mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Shisha ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017, na bado wapo wanaojua inakopatikana. Miraa na muguka hupandisha presha na mapigo, hukausha mwili, hunyima usingizi. Mambo matatu ambayo rubani hawezi kuyabeba hata moja. Najua ni mazungumzo ya barazani na kwamba kijana aliyekuja likizo huonekana anajidai akikataa. Kaa barazani, kunywa kahawa.

Usingizi nao: lala muda wa saa saba. Na ukiambiwa unakoroma kisha unakata pumzi na kushtuka, mpeleke mkeo pamoja nawe kwa daktari aeleze alichokiona. Ugonjwa huo wa kukata pumzi usingizini ni chanzo cha presha sugu kinachosahaulika.

Nane, dawa

Usinunue dawa ya presha kwa kunong'ona dirishani. Rubani si mgonjwa wa kawaida. Dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, na zile za kulegeza mishipa ghafla, humshusha uwezo wa kuhimili G. Za kukojoza humpunguzia maji. Zipo nyingine zinazoruhusiwa, na daktari wa marubani ndiye anayezichagua, akakuweka chini kwa muda uzizoee kabla ya kukurudisha angani. Mtu wa duka la dawa hajui hilo, na hana sababu ya kulijua.

Kumbuka pia zile unazotumia bila kuziita dawa: vidonge vya maumivu ya mgongo kama diklofenaki na ibuprofeni, na dawa za mafua za kuzibua pua. Zote huweza kupandisha presha. Vivyo hivyo unga wa mitishamba wa "nguvu" usiojulikana umechanganywa na nini.

Tisa, sema

Ugonjwa wa moyo na mishipa ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowasimamisha marubani kuruka, na hofu hiyo ndiyo inayowafunga midomo. Ila presha iliyogunduliwa mapema na kudhibitiwa mara nyingi haimalizi kazi. Viwango vya kiraia vyenyewe vinakubali baadhi ya dawa. Hata mapigo yaliyovurugika yana safari yake: Deke Slayton, rubani wa jeshi la anga la Marekani aliyechaguliwa kuwa mwanaanga, alisimamishwa mwaka 1962 kwa sababu ya mapigo yasiyo na mpangilio. Alikaa ardhini miaka kumi, akasimamia wenzake wakipaa, akarudishiwa ruhusa mwaka 1972, na mwaka 1975 akapaa kwenye safari ya Apollo na Soyuz akiwa na miaka 51. Alipaa kwa sababu madaktari walijua moyo wake vizuri.

Unapokwenda, chukua daftari la siku saba, orodha ya dawa zote hata za mafua, na historia uliyoitoa kwa shangazi. Sema lililo baya kwanza.

Kumi, siku ya dharura kisiwani

Maumivu ya kubana katikati ya kifua yasiyopungua kwa dakika kadhaa, yakisambaa mkono, taya au mgongo, jasho baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine huchoka ghafla tu na kukosa pumzi, bila kifua kuuma sana. Usimlaze na kumpaka mafuta, usimpe soda eti ni gesi. Mkalishe, na kama hana mzio wa aspirini wala hatokwi na damu, atafune miligramu 300. Zile ndogo za 75 ni nne. Apelekwe hospitali mara moja: Lamu mjini ni King Fahd, Malindi ni hospitali ya serikali pale mjini. Kuzibua mshipa wa moyo kwa mrija ni Mombasa au Nairobi, kwa hiyo kila nusu saa mnayopoteza nyumbani mnaiongeza juu ya safari hiyo.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi: usimpe aspirini, usimpe chochote mdomoni, andika saa mlipomwona mzima mara ya mwisho. Daktari atawauliza saa hiyo kabla ya kuwauliza jina, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu wakati huo.

Akianguka na hapumui, weka kiganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, mpaka msaada ufike.

Na kwa kuwa Lamu gari ni chache na vichochoro vyetu ni vya punda na mkokoteni, panga leo. Nambari za manahodha wawili wenye boti ya mashine wanaolala karibu na bandari, mmoja asipopokea apokee wa pili. Vijana wanne wa mtaa wa kubeba machela usiku. Shela, Matondoni na Kipungani mjue maji yakipwa boti inakaribia wapi. Ziandikwe kwa kalamu nzito nyuma ya mlango wa jikoni, pamoja na dawa anazotumia rubani na nambari ya zahanati ya kambi yake.